Seli za Mkono wa Bi Zuwena

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo ikinijia kichwani huwa naacha ninachokifanya. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimevaa koti jeupe lililonizidi mabega, nimekaa mbele ya hadubini katika chumba chenye baridi pale Silicon Oasis. Nyuma yangu alisimama mwanamke niliyemheshimu kuliko mtu mwingine yeyote hapa Dubai. Skrini ilikuwa imejaa picha nzuri, lakini yeye hakuitazama. Alikuwa anautazama mkono wangu wa kulia.

Mama yako ameniambia kuwa unaanza kazi ya maabara mwezi huu, na amenisihi nikupe maneno mawili matatu kabla hujaanza. Mimi si mzee wa kutembea na mkongojo. Vijana ninaofanya nao kazi ndio walioanza kuniita mzee kwa sababu ya hizi mvi, nami nimechoka kubishana nao. Basi acha nikusimulie habari ya asubuhi ile na yaliyofuata, halafu nitakuambia ninachotaka ukichukue.

Nilikuja Dubai na shahada yangu ya kemia kutoka nyumbani Kenya, na kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kuchanganya rangi za magari katika gereji moja ya Al Quoz. Mtu analeta gari lililokwaruzwa, mimi natafuta rangi ile ile ya kiwandani mpaka jicho lisione palipopakwa. Niliipenda kazi ile, sikufichi. Mwenye gereji tulimwita arbab, kama waajiri wengi wanavyoitwa huku. Jina lake lilikuwa Khalifa, mtu wa maneno machache, na alikuwa akifika kazini kabla ya wafanyakazi wake.

Arbab alikuwa na huzuni moja ambayo sote tuliijua na hakuna aliyeitaja. Binti wa nduguye alifariki akiwa mdogo kwa ugonjwa wa kurithi. Ndani ya seli za mwili, mwanangu, kuna vitu vidogo mno vinavyoitwa mitokondria, ambavyo ukiviona vimekaa kama nyuzi, na kazi yake ni kuipatia seli nguvu. Kwa mtoto yule vilikuwa na kasoro tangu kuzaliwa. Baada ya msiba ule arbab alifungua maabara ndogo Silicon Oasis, wakati huo mahali penye mchanga mwingi kuliko majengo, akamtafuta Daktari Zuwena, mwanamke yule wa asubuhi ile, aiongoze. Siku moja akaja gereji akauliza kama kuna aliyesoma kemia. Niliinua mkono uliojaa rangi ya fedha mpaka kwenye kiwiko, na wiki iliyofuata nikahamia maabara.

Bi Zuwena alizaliwa Al Baraha, mtaa wa upande wa Deira hapa Dubai, katika familia ya Kizanzibari iliyohamia huko zamani, na nyumbani kwao waliendelea kusema Kiunguja kama vile bado wako mtaa wa Malindi kule Unguja. Alikuwa amesoma nje, akafundisha nje, kisha akarudi kumtunza mama yake. Kiswahili changu cha Bungoma kilimsumbua. Nikisema "hiyo kitu", alinyamaza akanitazama kwa upole mpaka nikasema "kitu hicho", ndipo akanijibu. Mwanzoni niliona ananionea. Baadaye nikagundua kuwa alikuwa hivyo hivyo kwa kila jambo: hakukuacha uende na kilichokosewa, ila hakukudhalilisha.

Kazi yetu aliniambia hivi siku ya kwanza:

"Seli iliyo hai haina rangi, Wafula. Ukiitazama vivi hivi utaona kama maji ndani ya maji. Sisi tunaunda molekuli ambayo itaingia ndani yake, ifike kwenye mitokondria na si pengine, iwake tukiimulika, tuone. Na seli yenyewe iendelee kuishi kama ilivyokuwa ikiishi."

"Na ikifa, Dokta?"

"Ikifa, hatukuona seli iliyo hai. Tumeona maiti."

Molekuli hizo tuliziunda wenyewe, hatua baada ya hatua, kwenye chupa za kioo. Upande mmoja ni sehemu inayowaka ikimulikwa. Upande wa pili ni mkia wenye chaji chanya. Utando wa mitokondria una umeme kidogo, na umeme huo huvuta chaji ya namna hiyo, kwa hiyo molekuli ikishaingia kwenye seli inavutwa mpaka pale yenyewe. Katikati kuna kiungo kinachoshikanisha pande hizo mbili, na Bi Zuwena aliweza kukaa wiki nzima akikifikiria hicho tu. Kikiwa kirefu, molekuli inajikunja. Kikiwa kifupi, haiwaki. Alikuwa akichora kwenye kioo cha dirisha kwa kalamu nene, na nyuma ya michoro yake ulikuwa unaona kreni zinajenga majengo mapya. Mimi nilikuwa nimezoea kutengeneza rangi ya kupaka juu ya bati. Yeye alitengeneza rangi inayojua inakokwenda. Nilikuwa nikimtazama akifuta na kuchora upya, najiambia kwamba nimebahatika.

Baada ya majaribio mengi tukapata moja iliyowaka rangi ya machungwa. Siku ya kwanza kuiona ndani ya seli, nilisogeza kiti mpaka pua ikakaribia skrini. Nyuzi nyembamba zilikuwa zimetapakaa kila upande, zinajinyoosha, zinakutana, zinaachana. Zilikuwa zinatembea, mwanangu. Kitu kilichokuwa ndani yangu tangu nizaliwe, nami sikuwahi kujua kuwa kinatembea.

Hapo ndipo akaja Dokta Maryam, daktari wa watoto wenye ugonjwa kama ule uliomuua binti wa ndugu yake arbab. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye haraka, aliyekula chakula chake amesimama. Hospitali yake ilikuwa inajaribu dawa mpya. Dawa yenyewe ilikuwa nzito kwa mwili wa mtoto, inamtapisha na kumlaza, na haikuwasaidia wote. Alitaka kujua ni watoto gani ambao mitokondria zao zimeharibika kiasi kwamba dawa itawatesa bure, ili hao awaondoe kwenye majaribio. Akatuletea seli za ngozi zao, kila moja kwenye kichupa chenye namba bila jina.

Tulihitaji pia seli za mtu mzima wa afya ili tulinganishe. Bi Zuwena alipandisha mkono wa baibui akamwambia Dokta Maryam achukue kwake. Akakatwa kipande kidogo cha ngozi upande wa ndani wa mkono, kidogo kuliko punje ya mchele, nasi tukazikuza seli zile kwenye visahani ndani ya kabati la joto. Tulikuwa tunaziita seli za Bi Zuwena, na yeye alikuwa akiziulizia hali kila asubuhi kama mtu anayeulizia wajukuu.

Matokeo yalikuja mazuri kupita kiasi. Seli za Bi Zuwena zilionyesha nyuzi ndefu nzima. Seli za baadhi ya watoto zilionyesha nyuzi zilizokatika vipande, zimekuwa kama shanga zilizomwagika sakafuni. Hata mtu asiyejua chochote angeona tofauti. Dokta Maryam aliziangalia akashusha pumzi ndefu. Kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu cha kumsaidia kuamua. Arbab naye alifurahi kwa namna yake, yaani alikuja mara mbili katika wiki moja. Akaita wageni: wakubwa wa hospitali, na watu wa kampuni moja waliotaka kuichukua molekuli yetu na kuipeleka hospitali nyingine nyingi. Bi Zuwena akawaandikia barua za kueleza matokeo, na mkutano ukapangwa.

Sasa turudi kwenye asubuhi ile. Zilikuwa zimebaki siku chache kabla ya wageni kuja, nami nilikuwa napiga picha za mwisho za kuwaonyesha. Bi Zuwena akaingia, akasimama nyuma yangu.

"Wafula, kitufe hicho unakizungusha kwa nini?"

"Naongeza taa kidogo, Dokta. Seli hizi zinawaka hafifu. Nisipoongeza, picha haionekani vizuri."

"Unafanya hivyo kila mara?"

"Kwa seli za hawa watoto, ndiyo. Zako hazihitaji. Zinawaka zenyewe."

Hakuna aliyekuwa amenikataza. Kila maabara niliyoitembelea baadaye walifanya hivyo hivyo: picha ikiwa na giza unaongeza taa, kama vile unavyosogeza gazeti karibu na dirisha. Lakini Bi Zuwena alivuta kiti akakaa kando yangu, akakunja mikono, akawaza.

"Seli za wagonjwa zina umeme dhaifu," akasema polepole. "Umeme ukiwa dhaifu, hazivuti molekuli nyingi. Molekuli zikiwa chache, zinawaka hafifu. Zikiwaka hafifu, weye unaongeza taa. Hebu zitoe hizo. Niletee zangu."

Nikaleta kisahani cha seli zake. Nyuzi zile zikaonekana, ndefu, tulivu, kama siku zote.

"Sasa weka taa ile ile uliyowawekea watoto."

Nikazungusha kitufe. Skrini ikawaka sana, ikapendeza hata zaidi. Tukangoja. Haukupita muda wa kumaliza kikombe cha chai, uzi mmoja ukakatika katikati. Kisha mwingine. Kisha zote, huku na huku, zikawa zinajikunja na kukatika, mpaka seli nzima ikajaa shanga.

Alikuwa mtu mwenye afya, mwanangu. Alikuwa amekaa kando yangu anapumua, na seli zake zilionekana kama za mtoto mgonjwa kuliko wote.

Bi Zuwena alizima taa ile kubwa. Akaniomba nirudishe seli za mtoto mmoja, zile ambazo hazijamulikwa, na nipunguze taa mpaka chini kabisa. Tukazima taa za chumba. Mwanzoni hatukuona chochote. Macho yalipozoea giza tukaona nyuzi hafifu sana, nyembamba kuliko za Bi Zuwena, lakini nzima. Zilikuwa zinatembea polepole.

"Tumewatazama mpaka tumewavunja," akasema.

Nilielewa baadaye aliponieleza. Molekuli yetu ikimulikwa sana ilikuwa inaigeuza oksijeni iliyo karibu nayo kuwa kali, na ukali huo ndio uliokuwa unaunguza nyuzi. Kwa seli zilizomulikwa kidogo madhara hayakuonekana. Kwa zile zilizohitaji taa kubwa yalionekana, nasi tukayaita ugonjwa. Watoto wale walikuwa wagonjwa kweli, hilo halikuwa na shaka. Lakini zile shanga tulizotaka kuwahukumu nazo tulizitengeneza sisi.

Nilifikiria viza yangu iliyofungwa na kazi ile, nikafikiria arbab, nikafikiria wageni ambao wengine walikuwa wameshapanda ndege. Nikamwambia, kwa sauti ya chini, "Dokta, si tungoje mkutano upite kwanza? Tuurekebishe huu mtambo wetu taratibu, halafu tuwaambie."

Aligeuza kiti akanitazama. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Dokta Maryam anawaondoa watoto Jumapili," akasema. "Mtoto atakayeondolewa, naye tumwambie angoje tujirekebishe?"

Nikauondoa mkono wangu kwenye kitufe.

"Mimi ndiye niliyekufundisha kuwa picha lazima ing'ae. Kwa hiyo neno hili ni langu, si lako, na nitalisema mwenyewe. Kazi yako ni kunitayarishia visahani."

Jioni ile alimngoja arbab kwenye maegesho ya magari. Niliwaona kutoka dirishani na baadaye akanisimulia. Arbab aliuliza kama molekuli inaweza kutengenezwa upya. Akamjibu kuwa inawezekana, lakini si leo wala mwaka huu. Arbab akamwambia wageni tayari wako njiani. Akamjibu, basi waje waone. Arbab akaingia kwenye gari lake akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana.

Siku ya mkutano chumba kilijaa. Wageni walivaa vizuri, kulikuwa na tende na kahawa, na skrini kubwa ukutani. Arbab aliingia wa mwisho akakaa nyuma karibu na mlango. Bi Zuwena alisimama mbele. Alikuwa na maneno aliyoyaandaa, namjua, lakini hakuyasoma.

"Mmekuja kuona molekuli inayoonyesha ugonjwa," akasema. "Nitawaonyesha inachofanya. Hizi ni seli za mkono wangu. Mimi sina ugonjwa huo."

Akanipa ishara. Nikawasha taa kubwa. Tukatazama sote huku nyuzi zikikatika moja baada ya nyingine pale ukutani. Alikuwa akieleza wakati huo huo, kwa sauti ile ile aliyokuwa akinieleza mimi mambo ya darasani, bila kujitetea na bila kujilaani. Akasema tofauti waliyoletewa ilitoka kwenye taa na kwenye molekuli. Akasema ameiunda yeye na kosa ni lake. Akasema jambo la kweli analolijua kwa sasa ni dogo kuliko alilowaandikia, akaomba barua zile zirudishwe.

Mmoja wa watu wa kampuni alifunga kompyuta yake akatoka kabla hajamaliza. Mwingine akamfuata. Dokta Maryam ndiye aliyeuliza swali pekee.

"Wale watoto niliotaka kuwaondoa?"

"Usimwondoe mtoto hata mmoja kwa sababu ya picha yangu."

Dokta Maryam akainama, akafungua simu yake, akaanza kuandika ujumbe pale pale, vidole vinakwenda kasi. Sikujua anamwandikia nani, lakini nilimwona uso wake, na nikajua kuwa kuna nyumba fulani katika mji huu ambayo leo jioni haitapigiwa simu mbaya.

Wageni walipokwisha kuondoka, arbab alikuwa bado amekaa. Akamwuliza Bi Zuwena kwa Kiarabu, naye akanitafsiria baadaye:

"Unahitaji nini?"

"Muda."

"Huo ninao," arbab akasema. "Vingine vimeondoka na wale."

Na kweli viliondoka. Hospitali ilisitisha mkataba, kampuni haikurudi, na baada ya miezi michache tulirudisha funguo za Silicon Oasis. Vyuo vya nje vilimwita Bi Zuwena, vyenye vyumba vizuri na majina makubwa. Alikataa, kwa sababu mama yake alikuwa bado hai Al Baraha, na kwa sababu, alivyosema, hawezi kuacha kitu kimevunjika mikononi mwake. Arbab akatupatia chumba nyuma ya gereji yake Al Quoz. Viza yangu aliiacha kama ilivyokuwa. Asubuhi nilichanganya rangi za magari, mchana nikavua ovaroli, nikanawa mikono, nikaingia kwa Bi Zuwena.

Chumba kile kilikuwa na shida zake. Kompresa ya kupulizia rangi ikiwashwa, sakafu ilitetemeka na picha yote ikacheza. Tukapatana na mafundi. Ikifika alasiri, msimamizi wao, mzee mmoja kutoka Kerala ambaye hakujua tunafanya nini wala hakuuliza, alipiga kelele, "Yalla, haya, zimeni, dokta anapiga picha," na wote wakaketi kunywa chai mpaka tumalize. Sijui kama niliwashukuru vya kutosha.

Bi Zuwena aliweka sharti moja. Hatutagusa seli ya mtoto yeyote mpaka seli za mkono wake ziingizwe molekuli mpya, zimulikwe, na baada ya hapo zigawanyike. Seli iliyoudhiwa, alisema, haiwezi kugawanyika vizuri. Ikigawanyika ndipo tutajua kuwa hatukuiharibu.

Tulishindwa mara nyingi. Molekuli moja iliwaka vizuri kwenye chupa, ikakataa kuingia kwenye seli. Nyingine iliingia, ikaenda kukaa kwenye matone ya mafuta. Nyingine ilipenda kiini cha seli, mahali ambapo hatukuitaka kabisa. Kila ikishindwa, Bi Zuwena aliniuliza swali moja: "Imetuambia nini?" Naye alitaka jibu, si sikitiko. Nywele zake zilizochungulia kwenye mtandio zilikuwa nyeusi tulipohamia Al Quoz. Nilikuwepo zilipokuwa zinabadilika.

Mwishowe alifanya mambo mawili. Alibadilisha sehemu inayowaka ili ikae giza njiani na iwake tu ikishafika kwenye mitokondria, hivyo mahali pengine pote pakabaki peusi na taa hafifu ikatosha. Na kwenye kile kiungo chake cha katikati akapachika kipande kidogo ambacho kazi yake ni kuituliza molekuli ikishamulikwa, kabla haijaifikia oksijeni na kuitia ukali. Nilipomwona anakichora ukutani, maana huku hatukuwa na dirisha, nilijua kwamba ni sahihi kabla hatujakiunda. Kilikaa pale kama kilikuwa kinangojewa.

Tuliweka molekuli ile kwenye seli zake mchana mmoja, tukawasha taa ya chini kabisa, kamera ikawa inapiga picha moja moja. Mafundi walikuwa wameketi na chai yao. Nyuzi zilionekana hafifu lakini safi, hazikukatika. Tukakaa. Alasiri ikapita, msimamizi akachungulia mlangoni, akatuona tulivyokaa, akarudi bila kuwasha kompresa. Kisha seli moja ikaanza kujikusanya, ikawa mviringo. Nyuzi zake zikajigawa fupi fupi kama zinavyopaswa wakati huo, zikatandazwa pande mbili kwa usawa. Ikajibana katikati. Zikawa seli mbili, na ndani ya kila moja nyuzi zikaanza kujiunga upya na kunyooka, zote bado zinawaka.

Bi Zuwena alitoa miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena, akaitoa tena. "Alhamdulillahi," akasema. Akaniambia niende kumwita arbab. Arbab alikuja amevaa kanzu nyeupe katikati ya gereji yenye vumbi la rangi, akatazama skrini akiwa amesimama, kwa muda mrefu. Aliuliza tu kama hizo ni seli za mtu aliye hai. Bi Zuwena akanyoosha mkono wake akamwonyesha.

Dokta Maryam alirudi. Aliniambia baadaye kwamba asingerudi kwa mtu mwingine yeyote, kwa sababu kila maabara ilikuwa na picha nzuri, lakini moja tu ndiyo iliyomwambia asiziamini. Safari hii tofauti kati ya watoto ilikuwa ndogo, ikahitaji uvumilivu kuisoma, lakini ilikuwa yao. Wale aliokuwa karibu kuwaondoa walikuwa wamebaki kwenye dawa muda wote huo. Baadhi yao iliwasaidia. Mmoja, aliyekuwa akibebwa, alifika siku ya kwenda shule kwa miguu yake. Wengine haikuwasaidia, na sitakudanganya katika hilo. Sikumwona mtoto yeyote kati yao kwa macho yangu. Niliona seli zao tu, na bado nawaombea.

Sasa hayo maneno mawili matatu niliyoombwa.

Mwanangu, utapewa mashine bora kuliko zetu, na utaona vitu ambavyo sisi hatukuota kuviona. Furahi. Hakuna aibu kufurahia picha nzuri. Lakini picha ikikupendeza sana, au ikikupa jibu ulilokuwa unalitaka, jiulize mkono wako umefanya nini katika kuipata. Umefanyia seli za mgonjwa jambo ambalo hukuzifanyia seli za mzima? Ulizimulika sawa? Jambo hili halihusu maabara pekee. Mtu ukimkazia macho kwa shuku, atababaika mbele yako, nawe utasema umemkamata. Kitu kilicho hai kinataka kukaribiwa kwa upole, na kungojewa, ndipo kikuonyeshe kilivyo.

Na siku utakapogundua kuwa umekosea, sema mapema, sema mbele ya wale wale uliowaambia mara ya kwanza, na usimtafute mdogo wako wa kumtwisha. Nimemwona mtu akifanya hivyo kwa seli za mwili wake mwenyewe. Alipoteza chumba, akapoteza mkataba, na katika miaka yote niliyofanya kazi sijaona tena mtu aliyesimama akiwa mkubwa namna ile. Ukimpata mwalimu wa aina hiyo usimwache. Beba visahani vyake, mwulize maswali, vumilia akikusahihisha.

Mungu akupe macho yenye subira na mkono mwepesi. Akukutanishe na watu wa kukuambia kweli, na akupe ujasiri wa kuwaambia wao. Kila utakachokiangalia kikiwa hai, akujalie ukiache kikiwa hai. Nenda salama, mwanangu, na kazi yako ikawe faraja kwa wazazi wa watoto ambao hutawajua majina.